Misiba Isiyo na Kilio

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, na mume wangu akahamishiwa Dar es Salaam kuwa karani wa reli. Tulitoka Upare na sanduku moja la bati na binti yetu wa kwanza, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajui. Tulipanga vyumba viwili Chang'ombe, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kizaramo, mjane, mtu wa dini sana na asiyependa maneno mengi. Kwa kuwa misheni nilikokulia walinifundisha uuguzi, sikukaa muda mrefu bila kazi. Nilichukuliwa kwenye kliniki ya mama na watoto upande wa Temeke, jengo refu la bati lenye mabenchi barazani. Asubuhi nilimwacha mtoto kwa wifi yangu, aliyekuwa akikaa nasi, nikaenda kwa miguu.

Daktari wetu alikuwa mwanamke wa Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kitabuni, lakini alikisema bila aibu, na mtu akimjibu alinyamaza mpaka amalize. Ndiye aliyegundua kwanza kwamba kuna watu wameacha kuja.

"Wale mama wa bondeni wako wapi?" aliniuliza siku moja tulipokuwa tukifunga.

Bondeni ni ule upande wa Temeke ulioshuka kuelekea kijito, nyumba za udongo na makuti zimeshikana. Zamani wanawake wa huko ndio waliokuwa wakijaza benchi la kwanza, na kelele zao. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipowaona, nisikumbuke.

Akanieleza anachotaka. Niende nyumba kwa nyumba, nikae na mwanamke mmoja mmoja, peke yetu. Nimwulize aliumwa lini mara ya mwisho, alifanya nini, alikwenda kwa nani, na kitu gani kinamzuia kuja kwetu.

"Usiwakusanye," alisema. "Wakikusanyika atasema mmoja, wengine wataitikia. Usiwagombeze. Na usiende na karatasi."

Hilo la karatasi nililikubali kabla hajamaliza. Siku zile mtu akionekana mtaani na karatasi, watu walijua ni kodi ya kichwa, na wanaume walitorokea mlango wa uani.

Nyumba ya kwanza niliyobisha hodi ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akipika vitumbua na kuviuza mlangoni kwake. Mama wa makamo, mnene, mwenye mwanya mpana. Nilimjua sura kwa kuwa watu wa kliniki tulikuwa tukinunua kwake.

"Karibu, mwanangu. Vitumbua vimekwisha."

"Sikuja kununua, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Alinikaribisha ukumbini, akanitandikia mkeka, akakaa yeye karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka nyumbani kwake mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini siku hizi hatumwoni kliniki.

"Mvua, mwanangu. Njia tope tupu."

Mvua ilikuwa imekatika siku nyingi. Vumbi la njiani lilikuwa bado liko miguuni mwangu, naye alikuwa akiliangalia.

"Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Nyuma yake kulikuwa na mlango wa chumba uliofungwa kwa nje na kamba ya katani. Sikuutia maanani. Nilidhani ameweka nazi, au kuku. Uani kulikuwa na sufuria kubwa ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na kando yake jivu jingi mahali pasipo na mafiga.

Nyumba nyingine nilipata majibu zaidi. Mmoja aliniambia kwamba dresa wetu, yule mwanamume aliyekuwa akifunga vidonda dirishani, anawasema mbele za watu kwamba nguo zao zinanuka moshi. Mwingine mumewe hataki ashikwe na mwanamume. Mwingine alisema ukifika umechelewa kidogo unarudishwa, na yeye hawezi kutoka kabla hajamchotea maji mama mkwe. Yote yalikuwa kweli. Nilimpelekea daktari, na dresa aliondolewa dirishani wiki ileile. Lakini waliniambia haraka haraka, kama mtu anavyomtolea mgeni maji ya kunywa mlangoni ili asiingie ndani. Na karibu kila nyumba niliona chumba kimoja kimefungwa.

Tena kulikuwa na yule mwanamke mrefu. Siku ya kwanza nilikutana naye akitoka kwenye nyumba niliyokuwa nakwenda kuingia. Amejifunga kaniki, uso wote umechimbika makovu ya ndui ya zamani, mkononi ana kikapu kilichofunikwa. Aliniamkia kwa upole, akasimama kando mpaka nimepita. Siku ya pili nikamwona anaingia nyumba niliyotoka. Siku nyingine nikamkuta amekaa uani kwa watu, ananawa mikono hadi kwenye viwiko, polepole, na mwenye nyumba anammiminia maji, na hakuna anayesema neno. Nikajua nimepata jibu langu. Nilidhani ni mkunga, na kwamba ndiye anayetunyang'anya wagonjwa.

Jioni ile nilirudi nyumbani jua halijatua. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani akipepeta mchele. Nilipopita karibu yake akainua uso.

"Umetoka msibani?"

"Hapana, mama. Nimetoka kazini."

"Nguo zako zinanuka karafuu maiti."

Mie Mkristo wa bara, harufu ile sikuijua. Nilikuwa nimeisikia kutwa nzima kwenye zile nyumba na nikadhani ni dawa ya nondo wanayoweka kwenye masanduku ya nguo. Mama akanieleza: ni ile dawa nyeupe inayosagwa na kuwekewa maiti baada ya kuoshwa, na haiwekwi kwa kitu kingine.

"Nani kafa Temeke?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mama. Sijasikia kilio hata kimoja."

Akaweka ungo chini. "Ndiyo maana nakuuliza."

Nikamweleza habari za yule mwanamke mrefu mwenye makovu, kwamba nadhani ni mkunga. Mama mwenye nyumba akanitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama.

"Huyo si mkunga. Huyo ndiye anayetuosha sie wanawake tukifa, na watoto." Wifi yangu alikuwa anatoka na mtoto, mtoto amenyoosha mikono kwangu. Mama akaweka mkono wake katikati yetu. "Usimshike. Kaoge kwanza. Na hizo nguo zichemshe."

Nilioga, nikasugua mpaka ngozi ikawasha. Mume wangu aliporudi nilimwambia. Akasema labda niache kazi. Nikaenda kuchochea moto chini ya sufuria ya nguo.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa vitumbua. Alinikaribisha kama kawaida, tukakaa palepale. Nikamwuliza swali lilelile, naye akaanza jibu lilelile la njia, mara ikatoka sauti nyuma ya ule mlango wa kamba. Sauti ndogo, kavu. Ilisema: "Mama, maji."

Mama akapandisha sauti yake, akaendelea kuzungumza juu ya bei ya mchele.

"Mama," nilisema, "mle ndani mna nani?"

"Mna kuku."

Yule kuku akaomba maji tena.

Tukatazamana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikikuambia, utafanya nini nalo?"

"Nitamwambia daktari, mama. Atamtibu."

"Basi mna kuku."

Akainuka, akanisindikiza hadi njiani.

Nilimwambia daktari kila kitu: milango, mwarobaini, majivu, harufu ya karafuu maiti, yule mtoto anayeomba maji. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. "Ndui," alisema kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa lugha yake. Akanikunja mkono wa gauni, akatafuta kovu la chanjo yangu ya utotoni, akanichanja upya hapo hapo. Akaniamuru nimlete binti yangu mchana uleule. Nilimshika mwenyewe alipokuwa akichanjwa, naye alinitazama kama nimemuuza.

"Sheria inasema nimwambie bwana afya leo," daktari alisema. Bwana afya ndiye mkaguzi wa serikali aliyekuwa akishughulika na magonjwa ya kuambukiza, na majumba machafu, na visima. "Atakuja na lori na askari. Na watu watafanya nini?"

"Watakimbia kabla hajafika, Memsahibu. Watabeba wagonjwa wao mpaka Mbagala, mpaka Kisarawe, mpaka Kinondoni."

"Na ndui itakwenda nao." Akafunga sanduku la chanjo. "Nitakaa kimya kidogo. Si muda mrefu, siwezi. Nenda ujue wanaogopa nini hasa."

Hapo nikakumbuka kwamba nimewauliza wote isipokuwa mmoja.

Mwosha maiti alikuwa akikaa peke yake mwisho wa nyumba za bondeni. Nilimkuta mlangoni, amekunja miguu, anachana kitambaa cheupe cha sanda. Alikuwa akikichana vipande vifupi, anavikunja, anavipanga. Nilivitazama nikashindwa kuendelea na salamu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakungoja. Umewauliza wote, mie umenipita."

Nikakaa. Sikujua pa kuanzia, basi nikaanza kama nilivyofundishwa. "Bibi, wewe uliumwa lini mara ya mwisho?"

Akacheka, akajigusa uso. "Nilipokuwa mtoto, wakati wa Mjerumani. Ugonjwa huuhuu. Tangu hapo haunitaki tena. Ndiyo maana naingia na kutoka."

"Na wao kwa nini hawaji kwetu?"

Alimaliza kuchana kipande alichokuwa nacho. Kisha akanisimulia.

Kabla ya mvua, binti mkubwa wa mama wa vitumbua alishikwa na homa. Alikuwa ameposwa, siku ya harusi imekwisha kutajwa. Alikwenda kutafuta dawa mjini kwa miguu yake mwenyewe, maana alikuwa msichana anayependa mambo ya kisasa. Alipotokwa na vipele akapakiwa kwenye lori, akapelekwa kambi ya karantini huko nje ya mji. Mama yake akafuata na chakula. Kambi ina ua wa seng'enge. Askari akakipokea chakula langoni, akamwambia rudi. Kesho akaenda tena, askari akapokea. Akawa anakwenda kila siku, hamwoni mwanawe, anampa askari bakuli na kuchukua la jana.

"Siku moja askari hakupokea," alisema. "Ndivyo alivyojua."

Alipoomba kuonyeshwa kaburi alionyeshwa tuta moja refu lililomwagiwa chokaa. Akaambiwa wamo humo, wote.

"Hakuoshwa. Hakusaliwa. Hajulikani kalala upande gani." Akaninyooshea mikono yake miwili, mirefu, iliyokakamaa kwa maji. "Na mie nipo hapa. Mikono ninayo. Ningekwenda kwa miguu, ningemwosha, hao askari hata kugusa wasingehitaji. Hakuna aliyeniuliza."

"Na hawa wa sasa?"

"Ugonjwa umerudi. Kila mama amefunga mlango wake. Anayekufa namwosha, wanaume wanamzika uani, wanasawazisha udongo, wanatandika mkeka juu. Tukilia, bwana afya atasikia. Basi hatulii. Wewe ulikuwa umekaa juu ya mkeka, mwanangu, unauliza habari za mvua."

Nilijitazama miguu. Nyumba nyingi nilikuwa nimekaribishwa uani, juu ya mkeka.

"Wangapi, bibi?"

"Usiniulize hesabu."

"Na yule wa chumba cha kamba?"

"Mdogo wake yule bibi harusi. Yu hai. Ile kamba ni ya kuzuia watoto wa jirani wasiingie kucheza naye."

Nikamwuliza kama kungekuwa na kitu cha kuwafanya wafungue. Aliwaza, akikunja na kukunjua kile kitambaa. "Waoshwe," alisema mwishoni. "Kila mtu na kaburi lake. Na mama amwone mwanawe, hata kwa mbali."

Hayo ndiyo niliyompelekea daktari, kama yalivyo. Aliingia kwenye gari lake akaenda mjini kwa wakubwa wake. Alirudi alasiri, shingo imemwiva nyekundu, lakini alirudi na kitu. Wamekubali mwosha aingie kambini na kukaa humo, kwa kuwa ndui haiwezi kumpata tena. Wamekubali makaburi ya mtu mmoja mmoja. Jamaa hawaruhusiwi kuingia, ila wanaweza kusimama nje ya seng'enge na wagonjwa wasogezwe waonekane. Lori litakuja bila askari.

"Na mengine?" niliuliza.

"Mengine ni kazi ya bwana afya," alisema, akaenda kunawa mikono.

Sikuuliza mengine ni yapi.

Mwosha alilipeleka neno hilo nyumba kwa nyumba. Mimi sikwenda naye, aliniambia nisiende. Siku lori lilipokuja nilikuwepo, na daktari alikuwepo, tumesimama njiani kwenye jua. Hakuna aliyetoka. Milango yote imefungwa, hata watoto hawaonekani, na dereva akaanza kusema kwamba ana kazi nyingine. Mwosha akatoka kwake na kikapu chake. Akapanda lori kwa shida, akakaa kwenye ubao, akakiweka kikapu magotini, akangoja kama abiria.

Ndipo mlango wa mama wa vitumbua ukafunguka. Alitoka amembeba binti yake, amemfunika khanga mbili. Mtoto wa miaka kama kumi, mguu mmoja unaning'inia. Upepo ukainua khanga, nikauona uso, na uuguzi wangu wote ukanitoka. Hapakuwa na nafasi ya kuweka kidole kati ya vipele. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa usaha. Yule mtoto akasema, "Mama, jua linaniumiza," na mama yake akageuka ili amkinge kwa mwili wake. Akamwinua hadi juu. Mwosha akampokea, akamlaza mapajani pake.

Mlango mwingine ukafunguka. Halafu mwingine. Nilikuwa nimefikiri ni nyumba mbili tatu. Lori lilijaa, na daktari akamtuma dereva arudi tena.

Siku zilizofuata watu wa bondeni walikuja kuchanjwa, hata wanaume. Mama za wagonjwa walikwenda kambini wakasimama kwenye seng'enge, wakarudi wakieleza wamemwona nani, amenyanyua mkono, amekunywa uji. Wengine walifia huko, na mwosha alifanya kazi yake, na ndugu walionyeshwa kaburi. Nilianza kufikiri kwamba jambo limekwisha.

Asubuhi moja tulisikia kelele hadi kliniki. Nilikimbia. Bwana afya alikuwa amefika na vibarua, na madebe ya mafuta ya taa. Walikuwa wakiwaamuru watu watoe vyungu na vyuma, lakini mikeka, vitanda, nguo na magodoro visitoke. Nyumba zilizochaguliwa zilikuwa zile zilizotoa wagonjwa. Waliofungua milango yao, hao. Aliyekuwa amemficha mgonjwa wake mpaka mwisho, nyumba yake haikuguswa, kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Daktari alikuja na gari, akateremka kabla halijasimama vizuri. Walizungumza Kiingereza, yeye na bwana afya. Mimi Kiingereza nilikuwa nakisikia. Daktari alimwambia wangoje, anyunyizie dawa badala ya kuchoma, ampe wiki. Bwana afya hakuwa mtu wa ukali. Alimjibu kwa adabu kwamba amekwisha kumwachia mambo mengi yasiyo ya kawaida, na kwamba hili halikuwamo katika hayo. Kisha akawapa vibarua ishara.

Makuti makavu hayachukui muda. Paa la kwanza lilishika lote kwa mara moja, na joto likatusukuma nyuma. Na pale ndipo wanawake wa bondeni walipolia. Mwanzoni nilidhani wanalilia nyumba. Kisha nikasikia wanaita majina. Kila mmoja alikuwa akimwita mtoto wake aliyezikwa uani bila sauti, kwa jina lake kamili, na jina la baba yake, kama inavyopasa siku ya msiba. Vibarua wenyewe waliacha kazi. Mmoja, kijana wa Kizaramo, alivua kofia yake akaishika kifuani, debe la mafuta liko miguuni pake.

Mama wa vitumbua hakulia. Alisimama na chuma chake cha kupikia vitumbua mkononi, anaangalia moto. Akageuka akaniangalia mimi, akaondoka.

Ndui iliisha bondeni. Nilitumwa tena kuuliza, wiki chache baadaye, waliochomewa nyumba wamehamia kwa ndugu na majirani, wamebanana. Nilibisha hodi nikajibiwa toka ndani: "Hatujambo." Mlango haukufunguliwa. Nikaenda wa pili, "Hatujambo." Nilifika mpaka kwa mwosha, aliyekuwa amerudi kutoka kambini. Yeye alinifungulia, akanipa maji, kisha akajilaza mkekani kwa uchovu.

Mama wa vitumbua alinijia mwenyewe, Chang'ombe, mchana wa Jumapili. Alikuja na binti yake. Mtoto alikuwa ameishi. Uso umechimbika wote, na jicho moja limekuwa jeupe. Mama mwenye nyumba aliwatandikia mkeka barazani, akaingia ndani akatuachia nafasi. Binti yangu alitambaa hadi kwa yule mtoto akamshika shavu kwa viganja vyote viwili, na hakuna aliyemzuia.

"Leo nitauliza mie," mama alisema.

"Uliza, mama."

"Ulijua watachoma?"

"Sikujua."

"Daktari wako alijua?"

"Nadhani alijua linaweza kuja. Hakuniambia, na mie sikumwuliza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ungejua, ungeniambia?"

Wifi alileta chai, akaweka, akarudi. "Ningekuambia," nilisema.

"Basi nisingefungua."

"Najua, mama."

"Na huyu angekufa."

Yule mtoto alikuwa akimwonyesha binti yangu jinsi ya kupiga makofi.

"Angekufa," nilisema.

Alichukua kikombe, akanywa. Ndipo akaanza kunieleza habari za yule binti yake mkubwa, bila mimi kumwuliza. Kwamba alikuwa akicheka akilala. Kwamba alijishonea blauzi ya harusi mwenyewe, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko wa pili, akakataa kuufumua akasema bwana harusi hataona. Kwamba asubuhi ile alipotoka kwenda kutafuta dawa alikataa kusindikizwa. Alizungumza mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Kesho yake daktari aliponiuliza kama kuna habari yoyote ya bondeni nilisema hakuna.

Msimu wa mvua haujaanza bado, dereva mmoja akatuletea neno kliniki kwamba Kinondoni kuna nyumba ambazo watoto wake hawaonekani tena nje. Alisema kwa mzaha, kama mtu anayesimulia mambo ya ajabu. Daktari akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Nilijua anachotaka kusema, nikamtangulia.

"Memsahibu, huko mtachoma?"

"Sijui," alisema.

"Basi nitawaambia hivyo. Nitawaambia kwamba daktari hajui."

Nilifikiri atakataa. Hakukataa. Nikachukua mwavuli wangu, nikaenda kutafuta nyumba ya kwanza.